Saa arobaini na nane za waziri

Seneta wetu alipomaliza kusema, ulisikia kitufe cha maikrofoni kikizimwa: tak. Maseneta wengine wakimaliza, watu wa chama chao wanagonga meza na kushangilia, hata kama msemaji mwenyewe alisinzia katikati ya hotuba yake. Yeye hakuwa na chama wala kundi. Aliingia peke yake, alikaa peke yake kwenye viti vya nyuma kule Kinshasa, na akimaliza, tak, mwenyekiti anaita jina linalofuata.

Mi nilimpendea ile tak. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, nilikuwa nimeachia shule mwaka wa nne wa sekondari, na ndoto zangu zilikuwa nyingi kuliko nguo zangu. Ile kubwa ilikuwa kusimama siku moja mbele ya maikrofoni na nchi nzima inyamaze. Wakati naisubiri hiyo siku, nilikuwa natafsiri kanisani. Mhubiri anasema kwa Kifaransa, mi niko kando yake narudisha kwa Kiswahili. Akinyanyua mkono, nanyanyua. Akilia, nalia. Mama aliyeniachia ile kazi alinifundisha sheria moja tu: mtafsiri hana kinywa chake. Mhubiri akikosea mstari wa Biblia, kosea naye. Usiongeze, usipunguze.

Kinyozi wa avenyu yetu alikuwa na televisheni, na pia na hasira. "Huyu tata, huyu baba, anasema bitu ya maana," aliniambia, "lakini Kifaransa yake inatupita juu ya kichwa. Njoo utufanyie kama kanisani." Basi kila seneta alipopata dakika zake bungeni, nilisimama katikati ya viti viwili vya kunyolea na kutafsiri, mteja mmoja nusu ya kichwa ikiwa na nywele, nusu haina, hataki tena wembe mpaka seneta amalize.

Zamani seneta alikuwa muuguzi, na alisema kama mtu anayehesabu matone ya dawa. Kwenye mjadala wa barabara hakutaja hata kilomita moja. Aliuliza hivi: mwanamke mwenye uchungu akitoka upande wa Musumba kwa baiskeli, mvua inanyesha, atafika hospitali mtoto akiwa tumboni au mgongoni? Tak. Kwenye mjadala wa umeme alisema umeme wa bwawa la Nzilo unapita kwa waya juu ya nyumba zinazowasha mishumaa, na akamwomba waziri aje ale bukari, ugali wetu, kwenye nyumba mojawapo, ajaribu kama mkono wake utaupata mdomo. Kwa kinyozi tulicheka mpaka mteja akakatwa sikio kidogo. Kule bungeni hakucheka mtu. Tak.

Halafu ikaja zamu yetu.

Avenyu yetu iko juu ya madini. Kolwezi unaweza kuanza kuchimba choo ukakutana na kobalti kabla choo hakijawa choo. Kampuni moja ilikuwa imepata kibali ng'ambo ya barabara, na ofisi moja ya serikali ikatuma karatasi: nyumba zetu zitaondolewa, kwa sababu wakazi wanachimba chini ya vitanda vyao na ardhi inaweza kuanguka. Watu watapewa lupango nyingine mbali na mji. Lakini atakayekutwa na shimo ndani ya nyumba, huyo atatoka mikono mitupu.

Lupango ni kiwanja, ni nyumba, ni mti wa avoka na kaburi la mbwa. Yetu aliinunua baba kabla hajafa, na mama alikuwa hana kitu kingine duniani ila hiyo na sisi wawili, mimi na yaya, kaka yangu mkubwa.

Likizo ya bunge, seneta alikuja. Hakuja na msafara. Alikuja na gari moja lenye vumbi na daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Tulikusanyika uwanja wa kanisa, na bila kuulizana watu walinisukuma mbele nitafsiri. Kiswahili alikijua, lakini cha kwao kina Kilunda kingi, akasema hataki neno hata moja lipotee. Alisikiliza sana. Mwishoni akauliza, na mi nikarudisha kwa Kiswahili, mkono juu kama yeye: "Niambieni ukweli. Kuna mtu anachimba ndani ya nyumba yake?"

"Hakuna!"

Ilikuwa sauti moja, kama amina. Na ndani yake niliisikia sauti ya mama yangu, ikiwa juu kuliko zote.

Mita mbili kutoka kitanda changu, chini ya prelati, zulia la plastiki la maua mekundu tulilotandika sakafuni, kulikuwa na shimo la yaya. Alilichimba mwenyewe na wenzake wawili. Lilishuka mita kumi na mbili, halafu likapinda kuelekea kwa jirani. Nilikuwa nalala nikisikia harufu ya udongo mbichi, na nilishazoea, kama wengine wanavyozoea harufu ya samaki.

Seneta alinigeukia. Alisubiri. Mtafsiri hana kinywa chake. Nikamwambia kwa Kifaransa: "Hakuna mtu." Akaandika kwenye daftari, akapiga mstari chini yake.

Bunge liliporudi, Jumanne moja, kwa kinyozi watu walikalia hata dirisha. Seneta alikuwa amemwita waziri ajibu swali lake mbele ya maseneta wote. Alisimama na daftari lile lile.

"Nilifika kule," nilitafsiri. "Niliwauliza uso kwa uso, kwa lugha yao. Waliniambia kwenye avenyu hii hakuna anayechimba ndani ya nyumba. Mi sina chama cha kunilinda. Niko na neno langu tu. Leo naliweka juu ya neno lao."

Watu walilipuka. Mama mmoja alinikumbatia kana kwamba ni mimi niliyesema. Mi nilikuwa nawaza prelati ya nyumbani.

Waziri akainuka. Hakukasirika. Alimshukuru seneta, alimwita mkubwa wangu, akatabasamu, akaomba saa arobaini na nane za kuandaa majibu, kama sheria inavyomruhusu.

"Ameogopa!" watu walipiga kelele.

Kinyozi peke yake alikuwa anasugua wembe wake polepole. "Waziri anayekasirika hana kitu," alisema. "Huyu anacheka. Huyu iko na karatasi kwa mfuko."

Kesho yake, Jumatano asubuhi, kijana mmoja mwenye buti safi alitembea avenyu nzima. Kwetu hakuna mwenye buti safi. Aliomba maji kwa jirani yetu wa kuume, akapewa na kiti juu yake. Nilimkuta jirani bombani, amefurahi.

"Mutoto wa heshima yule! Ananiita mama, mama. Anasema nyumba yetu ni muzuri, anapiga picha."

"Picha ya nini, mama?"

"Ya nyumba. Ya batoto. Na ya jikoni."

Jikoni kwake ndiko kulikokuwa na shimo la mume wake, na magunia yamepangwa ukutani kama mahindi ya mavuno.

Niliiacha ndoo pale. Nyumbani nilimkuta yaya anavuta kamba, jasho mpaka kwenye kope. Nikamwambia yote: buti, picha, tabasamu la waziri. Nikamwambia seneta ataitwa mwongo mbele ya nchi nzima, na baada ya hapo nani atatusemea? Watakuja kukagua nyumba moja moja, na mama atatoka mikono mitupu.

"Lifukie," nilisema. "Leo."

Alinicheka. "Mita kumi na mbili, unafukia na nini? Na bukari?"

"Yaya, sichezi."

"Na mi sichezi. Hiki unachokula kila siku kinatoka wapi, kwa kutafsiri? Bwana asifiwe, haleluya, halafu unakula haleluya?" Aliona uso wangu, akapunguza sauti. "Nenda. Senateri yako ni mutu mukubwa. Bakubwa habaanguki."

"Huyu ataanguka. Hana wa kumshika."

Nilitoka nyuma ya nyumba. Siku ile ya kanisani seneta alikuwa ametusomea nambari yake mara mbili kwa sauti, na watu waliiandika kwenye mikono. Mi niliiweka kwenye simu, na sikuwahi kuthubutu. Nilifikiri nitamkuta karani. Aliitika mwenyewe, mdomo umejaa chakula.

"Tata Onorabule, ni mutafsiri wako wa Kolwezi."

"Mutafsiri!" Alimeza. "Ulinipa sauti nzuri kuliko ile niliyozaliwa nayo. Kuna nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakakimbia. Nikasema: "Tata, kuna mashimo. Hata kwetu. Liko ndani ya chumba ninacholala."

Nilisikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliwauliza wao, tata. Mi nilirudisha tu walivyosema."

"Ulikuwa na macho."

Nilianza kulia, na niliona aibu, kwa sababu kulia kwangu ni rahisi, nalilia hata kuku. Yeye alisubiri kama siku ile uwanjani.

"Nimefanya uuguzi miaka mingi," alisema mwisho. "Mgonjwa anakuficha alichokunywa, nawe unampa dawa juu yake. Kumkasirikia ni baadaye, akishapona. Sasa sikiliza. Waziri atakuwa na picha. Baada yake nitapewa dakika chache za mwisho, basi. Naweza kukubali kosa langu. Lakini nikisema kosa langu tu, ninyi mnabaki wezi. Nahitaji mtu mmoja wa avenyu hiyo aliyekubali mwenyewe, kabla hajakutwa. Sitataja nyumba ya mtu bila kinywa chake. Shimo ni la nani?"

"Ni la yaya. Lupango ni ya mama."

"Basi ni kinywa cha mama. Mwisho kesho saa nne asubuhi. Nikishaingia ukumbini siangalii tena simu."

Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilikaa chini karibu na kinu nikamwambia, na muda wote hakuacha kutwanga. Nilipofika kwenye maneno "kinywa chako", mchi ulianguka kwa nguvu zaidi, majani yakaruka.

"Unajua kwa nini nilisema hakuna?"

"Kwa ajili ya yaya."

"Hapana." Alitwanga. "Nkambo yangu, baba ya baba yangu, alitoka Kasai na gari ya moshi, bakamuleta kufanya kazi mu mine, machimboni. Baba yangu akazaliwa hapa. Mi nikazaliwa hapa. Siku moja, niko musichana, batu bakasema: rudini kwenu. Tukalala pa gare, pa stesheni ya treni, sijui wiki ngapi, juu ya mabegi, tunangojea treni ya kwenda kwetu, na kwetu mi sikujua hata iko na mito gani. Dada yangu mudogo alibaki pale pale pa gare, chini ya udongo. Tukarudi hapa baada ya miaka. Toka siku ile, mutoto wangu, mutu wa serikali akiniuliza kitu, ninasema hakuna. Hakuna, hakuna. Siye tukikubali kosa moja, si kosa banaona. Banaona treni tu."

Mama hakuwa amewahi kuniambia habari ya dada yake. Niliushika mguu wake. Hakunitazama.

"Nenda kachote maji," alisema. "Uliacha ndoo pa bomba."

Sikumwuliza tena siku ile. Mi ni mtu wa kucheka, hata msibani nahofia nitacheka, lakini jioni ile yote hakuna aliyenisikia.

Alhamisi, saa tatu na kitu, yaya na wenzake walikuwa wanajiandaa kushuka. Mama alitoka chumbani kwake amevaa kikwembe cha Jumapili, na kitambaa kichwani kimefungwa kwa ile namna ya harusi. Alikunja prelati kwa mguu. Alisimama kwenye mdomo wa shimo, visigino sentimita chache kutoka ukingoni.

"Piga picha," aliniambia. "Shimo peke yake, batasema ni la mwizi. Uso wangu uonekane."

Yaya aliirusha kamba chini. "Mama! Unataka kunifunga?"

"Nataka kukufunga? Toka niko na tumbo yako ninakufungua."

"Na hawa?" Aliwaonyesha wenzake wawili, ambao walikuwa wanatazama miguu yao. "Beko na batoto. Na mi nitaenda wapi?"

"Sijui," mama alisema. "Sijui, mutoto wangu. Lakini nikikutwa, tunaenda sote."

Yaya alikuwa na uwezo wa kuninyang'anya simu. Nilikuwa namwona akifikiri hivyo. Alitoka, akaupiga mlango wa bati hadi ukuta ukatoa vumbi, nami nikapiga picha huku vumbi likishuka, ndiyo maana ndani yake mama anaonekana kama yuko kwenye ukungu.

Mtandao uligoma. Kile kiduara kilizunguka, kilizunguka. Nilikimbia mpaka kwenye kichuguu karibu na reli, ambako simu hushika vizuri, mkono juu kama nahubiri. Picha ilipita saa nne kasoro dakika tano. Chini yake niliandika: Mama amekubali. Hakujibu. Hata alama ya kuonyesha ameiona haikutokea.

Mchana, kwa kinyozi, mama alikuja. Hakuwahi kuja pale hata siku moja. Alisimama mlangoni na kikwembe chake.

Waziri alianza kwa upole. Halafu akatoa picha moja baada ya nyingine, na kamera ya televisheni ikasogea. Jiko la jirani. Magunia. Kuna chumba cha watu wa mwisho wa avenyu, kitanda kimesimamishwa ukutani. Mi natafsiri. "Mkubwa wangu seneta aliweka neno lake," waziri alisema, nami nikasema. "Nalirudisha kwake, kwa sababu limeanguka shimoni." Ukumbi mzima ulicheka. Kule kwa kinyozi, kucheka kwao kulitujia kama mawe juu ya bati. Jirani yetu alikuwa ameweka mikono kichwani. "Ile mutoto! Nilimupa kiti!"

Kisha seneta. Alisimama. Hakushika daftari.

"Nilikosea," alisema.

Nilifungua mdomo. Watu wananitazama. Seneta anaendelea kule, na mi niko nyuma.

"Anasema nini?" kinyozi akaniuliza.

"Anasema alikosea. Anasema walimdanganya, na kama angekuwa mahali pao angedanganya pia." Nikayakimbilia maneno yake. "Anasema... waziri ana picha za kuiba. Yeye ana moja aliyopewa. Leo asubuhi, mama mmoja wa avenyu ile amesimama kando ya shimo la nyumba yake, uso wazi, akamtumia. Hakuna aliyemkuta. Amejikuta mwenyewe."

Kinyozi aliuweka wembe chini.

"Anasema hatataja jina lake hapa. Anauliza ukumbi: huyu anayekubali mwenyewe, mtamtupa sawa na anayekimbia? Mkimtupa, kesho hakuna nyumba hata moja itakayowaambia ukweli, na mtafukua nchi nzima mkitafuta. Anaomba tume ya maseneta ije kabla ya tingatinga. Kila atakayekubali kabla ya tume kufika, na kulifunga shimo lake, abaki na haki yake."

Tak.

Hakuna aliyegonga meza. Halafu mmoja, wa chama gani sijui, aligonga mara moja, kama mtu anayebisha hodi. Akagonga mwingine.

Lakini kwetu hakuna aliyekuwa anatazama televisheni tena. "Ni nani?" mtu alisema nyuma. "Nani aliuza avenyu?" Mwingine akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Wewe ndo unajua Kifaransa. Wewe ndo uliongea naye."

"Muache," mama alisema mlangoni. "Uso ni wangu."

Watu waligeuka. Mama alikuwa mfupi, na kitambaa kile cha harusi kilimwongezea kidogo.

"Shimo iko kwangu, mita kumi na mbili. Nani anataka kuja kuona, aje, nitamupa kiti." Mtu mmoja akacheka bila kutaka. "Bale ba buti safi bako na picha yenu tayari. Mi nimekubali kabla bo habajanikuta. Ninyi fanyeni munavyotaka."

Akaondoka. Kinyozi alizima televisheni, akakung'uta kitambaa, akamwuliza mteja wake kama anataka ndevu pia.

Maseneta walikubali tume. Kabla haijafika, nyumba kumi na moja zilipeleka majina yao, ya jirani ikiwemo. Nyingine hazikupeleka, na wenyewe hawakutusalimia tena. Wengine mpaka leo. Tume ilifika, ilitembea, iliandika. Karatasi ya mama inasema shimo limefungwa kwa hiari na haki ya lupango inabaki, mpaka itakapoonyeshwa nyingine yenye nyumba iliyosimama. Haijaonyeshwa. Tuko pale pale.

Shimo alilifunga yaya mwenyewe. Siku nne, yeye na wenzake wawili, mawe ya machimbo na udongo, wakishindilia kwa gogo. Hakuniongelesha siku hizo zote nne. Ya tano alisema anaenda Kisenge, kuna mtu amemwambia wanatafuta vijana kwenye machimbo ya manganizi. Mama alimfungia sombe na samaki mkavu ndani ya bakuli, na bakuli ndani ya kitambaa, na mafundo matatu juu yake. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori. Alipanda juu ya magunia, akanipa mkono kama mtu mzima anavyompa mtu mzima mkono.

"Ukimuona Onorabule wako," alisema, "mwambie niko na swali kwa mjadala wake."

"Swali gani?"

Dereva aliwasha. Yaya aliinama ili nimsikie. "Mutu amefunga shimo yake kwa hiari. Sasa anakula nini?"

Lori likaondoka. Nilirudi nyumbani, nikakaa kitandani, nikaliandika lile swali kwa Kifaransa, neno kwa neno, halafu chini yake nikaandika langu mwenyewe, ambalo halikutoka kinywani mwa mtu mwingine. Nikampigia seneta simu.